Malalamiko Dhidi ya Mchukua Roho Aliyekaa Msibani Siku Tatu

Mtaa wa Sogea, Tunduma
14 Agosti 2012

Kwa Mkuu wa Wachukua Roho, Kanda ya Mpakani

Ndugu Mkuu,

Pole na majukumu. Najua kwa barabara hii yetu ya malori hampati hata nafasi ya kunywa chai. Pamoja na hayo, kwa heshima zote, ninamlalamikia kijana wenu aliyemchukua mume wangu Yonathani, fundi wa matairi, Jumanne iliyopita saa nne asubuhi.

1. Hakutoa taarifa. Hapa mpakani hata lori la mahindi hukaa foleni siku tano, likakaguliwa, likagongewa mihuri. Yonathani alivushwa kwa dakika moja bila karatasi yoyote, nami nimeshika kikombe chake cha uji. Hongereni kwa kasi.

2. Alipomaliza kazi hakuondoka! Alikaa msibani siku tatu na koti lake refu. Ndugu zangu walidhani ni wa upande wa mume, wa mume wakadhani ni wa upande wangu, basi kila upande ukamheshimu. Wali wa mchele wa Kamsamba alikula sahani nne, na nyama aliongezewa.

3. Hili ndilo limenichoma. Kwa kuwa alionekana mtu mzito, akapewa kusoma historia ya marehemu. Akaitoa kichwani! Alijua mpaka wimbo ambao Yonathani alikuwa akiupiga kwa mluzi akiziba pancha. Watu walilia, mchungaji alilia. Akamalizia kwamba marehemu ameacha mjane. Nikageuka kumtafuta huyo mwanamke nimpe pole. Jamani, kumbe ni mimi.

4. Kwa hiyo ninaomba kijana huyo afukuzwe kazi, na Yonathani arudishwe ndani ya siku kumi na nne, akiwa mzima. Mkishindwa nitapanda ngazi ya juu yenu, na mnaijua.

Wasalimieni wetu wote walio huko, hasa mama mkwe. Mwambieni sufuria yake kubwa ninayo, asinung'unike.

Ni mimi nisiye na imani na ofisi yenu,
Loisi, mke wa Yonathani

N.B. Msimfukuze. Kabla ya siku ile alikaa barazani kwetu wiki nzima, akisita kuingia. Yonathani alikuwa hageuzwi tena kitandani bila kupiga mayowe. Jumanne ile niliwatuma wote wa nyumbani sokoni, nikafungua mlango kwa mkono wangu, nikamwambia kijana aingie, ila amchukue taratibu. Alimchukua taratibu.