Magari ya Kulala Uani kwa Dobi

Msamiati alikuwa ameegemea ukuta wa kituo cha mafuta, akiisubiri riziki impitie, maana kuitafuta mwenyewe aliona ni kuidhalilisha. Viatu vyake vilimeremeta, shati lilinyooka, na mfukoni hamkuwa na kitu ila kitana. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani kwa wingi wa maneno yake. Ukimwuliza saa ngapi, alikujibu, akakueleza na kwa nini saa huenda mbele, na alipomaliza kukueleza ulijikuta mkono mtupu, saa yako huioni.

Basi jioni hiyo likaingia gari kubwa jeupe, lenye mapazia madirishani kama chumba cha wazazi. Lilikuwa gari la kulala, yale ambayo watu huyageuza nyumba wakatembea nayo nchi nzima, kitanda humo humo, jiko humo humo. Akashuka bibi mmoja mwenye kofia pana kama sinia. Nyuma yake akashuka babu, ambaye hakusalimia mtu, akajilaza chini ya gari na spana yake, akaanza kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

"Mwanangu," bibi alimwambia muuza mafuta, "tunaomba kuegesha hapo pembeni tulale, alfajiri tunaondoka."

"Hapa hakuna kulala, bibi. Hapa ni mafuta tu."

"Hata pale kwenye pampu ya upepo?"

"Hata hapo. Tajiri akiwakuta, mimi ndiye nitakayelala nje."

Msamiati aliposikia hivyo, moyo wake ulicheza ngoma. Kwa siku nyingi alikuwa akiyatazama magari ya namna hiyo yakizunguka mjini jioni kama kuku aliyekosa pa kutagia. Alikwisha kuona pia kwamba wasafiri hawa ni waoga wa mahali patupu. Lakini wakiona mwenzao mmoja tu ameegesha, basi nao huja mmoja mmoja, wakajibanza hapo hapo.

"Shikamoo, bibi!" akasema, huku keshaivua kofia ambayo hakuwa ameivaa.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Unahangaika nini na mimi nipo? Unayemwona ni meneja wa kambi ya magari ya kulala. Tuna geti, tuna maji, tuna choo cha kukaa na cha kuchuchumaa, mtu anachagua kwa umri wake."

"Na bei yake?"

"Kwako wewe? Bure kabisa. Umefanana mno na marehemu bibi yangu."

Bibi Kofia alimtazama taratibu, kuanzia kitana hadi viatu, jinsi mtu anavyotazama kitambaa dukani.

"Bure," akasema. "Mungu akubariki. Baba nanihii, toka huko chini, tumepata."

Sasa kambi yenyewe. Kusema kweli haikuwa kambi. Ulikuwa ua wa shangazi yake Msamiati, dobi maarufu, mwenye mabeseni ya saruji, kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, na tangi la maji alilolipenda kuliko ndugu zake wengine. Shangazi alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Msamiati alikuwa akilala chumba cha kupigia pasi, na hakuwa na pengine duniani pa kulaza ubavu. Wenye vyumba wote wa mji ule walikwisha kumsikiliza mara moja, na mara moja iliwatosha. Siku ya kuondoka, Shangazi alimshika sikio, si kwa ukali, kwa mazoea tu.

"Nikirudi nikute kamba zangu, maji yangu na geti langu. Ukileta ujanja wako humu ndani, utakwenda kulala nao huko huko barabarani. Nimemaliza."

"Shangazi, mimi tena?"

"Wewe tena."

Na huyo ndiye aliyefungua geti la Shangazi wazi, akaliingiza gari jeupe, akasema, "Karibuni kambini!"

Bibi Kofia hakuwa na haraka. Kwanza aliweka bilauri ya maji juu ya meza ya garini, akaitazama. Maji yakaegemea upande. Akaagiza mbao ziwekwe chini ya tairi, kwa kuwa mtu akilala kichwa chini huamka na mawazo ya ajabu. Msamiati akaleta ubao wa kupigia pasi. Gari likapanda, maji yakanyooka, bibi akaridhika. Babu akaingia tena chini ya gari.

Msamiati akatoka mbio hadi barabarani, akakusanya mikono mdomoni. "Kambi! Kambi ya magari! Mwenzenu yuko ndani!" Na kweli, wakaja. Akaja bwana mmoja mwenye sharubu kama ufagio, na mkewe. Wakaja maharusi wapya waliokuwa wakigombana juu ya nani aliwapoteza njia. Wakaja akina dada wawili walimu, wastaafu, na paka wao ndani ya kapu. Ua ukajaa hadi kamba zikagusa paa za magari.

Ila wasafiri wa aina hii wana desturi moja, na Msamiati hakuijua. Mgeni akifika mahali hamwendei anayepiga kelele getini. Humwendea aliyetangulia kuegesha, akamwuliza kama pana amani, maji yako wapi, na mambo yanakwendaje. Kwa hiyo kila gari lililoingia, dereva alishuka akaenda moja kwa moja kwa Bibi Kofia, aliyekaa kwenye kiti chake cha kukunja kama malkia. Naye aliwakaribisha, akawaonyesha tangi, akashikana nao mikono. Alikuwa na mshiko mrefu wa upendo, wa mikono miwili, na kila alipouachia aliupeleka mkono wake chini ya kofia kujikuna.

Msamiati aliporudi, akajitengeneza kola aanze kukusanya chake. Bibi akamwita pembeni.

"Mjukuu wangu, usije ukawadai sasa."

"Kwa nini, bibi?"

"Sisi watu wa njiani hulipa asubuhi, tukishaona tumeamka na matairi yetu yote. Ukidai jioni watakudhania tapeli."

"Tapeli? Mimi?" Msamiati aliumia kwelikweli. Ni neno ambalo hakupenda kulisikia kabla ya kazi.

"Ndiyo maana nakutahadharisha. Wahudumie kwanza. Ukimfurahisha mtu jioni, asubuhi hatauliza bei. Haya, bwana Sharubu anataka maji."

Akapeleka maji. Bibi akasema maharusi wanataka pafagiliwe, akafagia. Akina dada walitaka mchanga wa paka, akachota, akaupepeta kabisa. Tangu azaliwe Msamiati hakuwahi kufanya kazi namna ile, na jambo la kushangaza ni kwamba alikuwa akiimba. Alikwisha kujiona na suti mpya, na chumba chenye madirisha mawili. Akajilaza juu ya meza ya pasi na viatu vyake miguuni, akalala kama mtu aliyetenda mema.

Alipotoka asubuhi, mahali pa gari jeupe palikuwa wazi. Ubao wa pasi ulikuwa umeegemezwa ukutani, na juu ya kiti cha zamani cha Shangazi ilisimama ile bilauri, imejaa, haikumwagika hata tone.

"Wamewahi," akajisemea. "Chambo kimefanya kazi yake, kiende salama." Akamfuata bwana Sharubu, aliyekuwa akipiga mswaki. "Mkubwa, umeamkaje? Basi tumalizane."

"Nilikuwa nakungoja wewe," Sharubu akasema, akamtupia furushi lililomfunika hadi macho. "Mashuka hayo. Ya bluu usichanganye na meupe."

"Mashuka ya nini?"

"Ya kufua. Si tulilipa jana? Kulala na kufuliwa."

"Mlimlipa nani?"

"Bosi wako. Yule mama wa kofia."

Furushi likamponyoka. Bi harusi akalirundikia la kwake, juu yake akina dada wakaweka la kwao, na kijigodoro cha paka.

"Bosi wako anakusifu sana," dada mkubwa akamwambia kwa upole wa darasani. "Alisema tusikusikilize maneno, tukutazame mikono."

Msamiati akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, hakikutoka kitu. Na kabla hakijatoka, geti likalia, akaingia Shangazi na mkoba wake kichwani, siku mbili kabla ya ahadi.

Akatazama magari. Akatazama kamba zake, tangi lake, ua uliofagiliwa. Akatua mkoba polepole.

"Hawa ni nani?"

Hapo Msamiati aliliona begi lake likiwa barabarani, na yeye juu yake, mvua ikinyesha.

"Wateja, Shangazi," akasema. "Wamekuja kufuliwa. Nikasema usipoteze wateja kwa ajili yangu." Akakunja suruali, akavua vile viatu vyenye kumeremeta, akaingia kwenye beseni miguu mitupu, akaanza kukanyaga mashuka.

Shangazi akakaa juu ya kiti, bilauri mkononi. Machozi yakamlengalenga. "Ndugu yangu angekuwa hai akaona! Mwanawe anafua!" Akayanywa yale maji kwa uchungu wa furaha, akajifuta, kisha sauti ikarudi ya kazi. "Wamelipa?"

"Wamelipa, Shangazi."

"Ziko wapi?"

"Ziko... njiani."

Shangazi hakuhitaji kuuliza njia ipi. Alimjua tangu anaota meno.

"Sawa. Mpaka zifike, wewe huondoki kwenye hilo beseni."

Mchana mashuka yalikuwa yakipepea ua mzima, meupe kwa meupe, bluu kwa bluu. Wasafiri walikuwa wakifunga virago wakimpungia Msamiati mkono, naye alikuwa akijisuta na kujipongeza kwa wakati mmoja, maana walau pa kulala pamepona. Ndipo honi ikalia getini. Gari la kulala, jekundu, na nyuma yake jingine, na vumbi la gari la tatu likionekana kule kwenye kona.

Dereva akatoa kichwa. "Samahani, hapa ndipo kuna kijana anayefua vizuri? Tumekutana na bibi mmoja mwenye kofia huko mbele, ndiye aliyetuelekeza."

"Ndipo hapa, karibuni," Shangazi akasema. "Malipo ni kwangu mimi."

"Malipo?" dereva akashangaa. "Mbona yule bibi tumeshamlipa?"

Shangazi aligeuka. Aliingia ndani, akatoka na mche mzima wa sabuni, akauweka taratibu kiganjani mwa mpwa wake.