Jiwe Lenye Nywele

Kaka Ulimi aliokota jiwe la kwatzi kwenye kifusi cha barabara mpya. Jiwe gumu, linapitisha mwanga kama kioo, ila upande mmoja lilijaa ndani vijinywele vya manjano. "Kasoro," alisema. Akaziba upande huo kwa gundi na vipande vya pairiti, madini yale yanayong'aa hadi watu wakayadhania dhahabu. Kisha akaoga, akavaa koti la shemeji yake, na huyoo, akaenda kwa sonara, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo mama. Nimekuletea dhahabu ingali tumboni mwa jiwe."

"Marahaba. Kaa, baba."

Sonara akainamia lenzi. Akaligeuza jiwe kwa muda ambao tapeli mwenye akili angeutumia kuaga.

"Hebu niambie, kipi kilitangulia, dhahabu au jiwe?"

"Vilizaliwa pamoja, mama. Mapacha!"

"Mapacha wangeshikana. Madini yakitangulia, kwatzi huota ikayameza. Yakichelewa, yenyewe huota juu ya kwatzi. Haya yako yameota juu ya kidole gumba." Akamsogezea lenzi. Ndani ya gundi, alama ya kidole ilionekana safi kama kwenye kitambulisho. "Kwanza jiwe, halafu kidole, halafu dhahabu. Mpangilio huo sijawahi kuuona."

"Hata mimi nimeuziwa, mama!"

"Basi tuwaite polisi wamtafute mwenye kidole."

Kaka Ulimi akaficha mkono mfukoni. "Ya nini usumbufu? Baki nalo, ulitupe."

"Andika kwamba umenipa kwa hiari, nisije nikaitwa mwizi."

Aliandika, akatia sahihi, akashukuru mara mbili, akatoka mbio.

Wiki ile ile akapita hapo, akaona watu wamejazana dirishani. Jiwe lake! Limesuguliwa, pairiti haipo, na vile vijinywele vinawaka kama miale ya jua. Akajipenyeza ndani.

"Mama, zile kasoro?"

"Hizo ni rutili, baba, madini yanayoota kama nywele. Zilitangulia, kwatzi ikazizingira. Wanaojua huzigombania."

"Basi tugawane!"

"Karatasi yako ipo kwenye droo. Mwandiko mzuri mno."

Mteja mmoja aliyevaa vizuri akamgusa bega. "Samahani kaka, hili jiwe ni la kweli au wanatuchezea?"

Kaka Ulimi alimtazama sonara, akatazama jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi yake, alisema ukweli mbele ya mteja, nao ukamkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

"La kweli," alisema. "La kweli kabisa."