Kadi Zetu Zilivyovuka Mpaka wa Burundi

Jamani, leo nimejiumbua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi nafungua kompyuta, kadi ya usajili wa wakulima naikuta Burundi. Burundi! Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Ngoja niwaeleweshe. Hapa Kasulu, mkoani Kigoma, tuko watu watatu, tunatengeneza programu ya simu ya kununulia maharage. Mimi ni mratibu, Edsoni ndiye fundi anayeiandika, na bosi wetu ni Dada Judithi. Kazi zote tunazipanga kwenye ubao wa mtandaoni, kila mmoja anauona kwenye kompyuta yake na kwenye simu yake. Ubao nimeuchora mimi kama ramani (wazo zuri, na hata leo sirudi nyuma). Chini Kasulu, juu Kibondo, katikati barabara. Kila kazi ina kadi yake. Kadi ikiwa Kasulu, kazi haijaanza. Ikiwa barabarani, inafanyika. Ikifika Kibondo, imekwisha. Hata tukiongea ni hivyo hivyo: "Ile ya risiti iko wapi?" "Imekwama Makere, nusu ya njia." Unatupa jicho mara moja, unajua mradi umefika wapi.

Sasa wiki hii kadi zimekuwa zikitembea zenyewe. Jioni naziacha barabarani, asubuhi moja iko Kibondo, nyingine imetupwa kushoto huko, nje ya nchi. Na ubao unaonyesha jina la aliyemo sasa hivi tu, aliyekwisha kupita haumtaji. Nikajua ni Edsoni. Nani mwingine? Tangu mwanzo hapendi ramani yangu, anataka safu tatu zilizonyooka kama matuta ya viazi.

Halafu kuna hili. Binti yangu Neema, miaka miwili na kidogo, nakuja naye kazini kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Dada Judithi alikubali kwa sharti: "Mama Neema, siku mtoto akivuruga kazi, anabaki nyumbani." Akibaki nyumbani, na mimi ndiyo nimebaki. Edsoni analijua hilo, na kila Neema akipiga kelele, yeye anakohoa. (Kikohozi cha makusudi nakijua.)

"Edsoni, umehamisha kadi?"

"Dada, sijagusa."

"Burundi zimekwenda kwa miguu?"

"Labda zina ndugu huko."

Nikamwambia leo naandika barua ya malalamiko, rasmi, yenye YAH juu. Akasema niandike, kalamu ninayo.

Kabla sijaanza, mteja akaingia. Alhaji Shabani, mfanyabiashara wa maharage, ametoka Kibondo kuja kuona kazi yake. "Mwakeye!" akatusalimia (mzee asili yake Tanga, lakini Kiha anakiweza kutushinda). Nikampa Neema simu atazame katuni, akatulia chini ya meza. Dada Judithi akaumulika ubao ukutani kwa projekta. Kadi nilikuwa nimeshazirudisha zote mahali pake, ubao umependeza, nikasimama kuueleza. Na kueleza naweza, jamani. Siogopi mtu.

"Kama unavyoona, Alhaji, kazi ya malipo bado iko hapa, karibu na Makere..."

Kadi ya malipo ikaondoka. Taratibu. Ikapanda barabara mbele ya macho yetu mpaka Kibondo.

"Mashaallah," akasema Alhaji. "Kumbe malipo yamekwisha? Basi kesho naanza kununua."

Kesho! Wakulima wa vijijini kama Titye watoe magunia yao, halafu programu isimlipe hata mmoja! Nikalipuka.

"Edsoni! Mbele ya mteja kabisa? Huna haya? Alhaji, huyu ndiye anayetuhujumu! Anataka mwanangu afukuzwe hapa, na mwanangu tangu aje hajagusa kitu cha ofisi hata kimoja!"

Edsoni akanyanyua mikono yote miwili. Juu kabisa, kama mwizi aliyekamatwa.

Na kadi nyingine ikaondoka.

Alhaji akavaa miwani, akasogea ukutani. "Hiki kishale kinachovuta kadi kina maandishi," akasema, akayafuata kwa kidole. "Mama... Neema. Mama Neema ni nani?"

Mama Neema ni mimi. Na mikono yangu yote miwili iko kiunoni.

Tukainama wote wanne kuchungulia chini ya meza. Katuni zimefungwa zamani. Neema ameshika simu yangu, ulimi nje, kidole kinaburuta kadi kuelekea kwenye picha ya lori niliyoibandika pale Kibondo. (Kwa mapambo! Mimi mwenyewe!)

"Mama, gari," akaniambia. "Napakia."

"Dada," akasema Edsoni, "mikono naweza kuishusha sasa?"

Alhaji alicheka mpaka kofia ikadondoka. Dada Judithi hakucheka. Alinitazama, akamtazama Neema.

"Mama Neema, sharti letu unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Na barua yangu naiandika vile vile."

"Ya kumshtaki nani sasa?"

Kwanza nilimwomba Edsoni radhi, kwa sauti ile ile niliyomgombezea. Kisha nikaketi, nikaandika. Dada Judithi ameisoma akiwa amesimama, midomo ameikaza asicheke, akapiga muhuri. Kesho Neema yuko kazini. Barua yenyewe hii hapa:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UBAO WA KAZI

Mimi, mratibu wa mradi, naulalamikia ubao wetu kwa kumruhusu kila mwenye kidole kuhamisha kazi. Ubao wa watu wazima haupaswi kushindwa na mtu anayevaa nepi. Naomba kadi ziwekewe kufuli leo hii, na Edsoni ndiye aziweke. Simu ni yangu na niliiacha wazi mimi, jioni nyumbani na leo hapa, kosa hilo nalibeba. La kufuli silibebi.

Mtoto hana hatia. Alikuta lori, akapakia. Kadi zilizokutwa Burundi zilimponyoka njiani. Ramani ibaki kama ilivyo, kwani hata yeye ameielewa.

Nakala kwa Edsoni, ili aache kucheka.