Natoka Benin

Jumapili, 2 Machi

Nimepata chumba. Chumba! Miezi saba nimelala stoo ya saruji pale saiti ya ujenzi, hadi kikohozi changu kikaanza kuganda. Jirani yangu pekee alikuwa mlinzi wa getini, Mzee Sidibe, Mmali asiyeongea na mtu. Sasa niko Ashaiman, humu humu Ghana, uani, vyumba sita vinatazamana, bomba moja katikati. Mwenye nyumba ni mjane, Mama Adoley, anapika na kuuza kenkey, yale mabonge ya mahindi yaliyochachuka. Ana sheria moja tu, ameiandika kwa mkaa mlangoni: WANAIJERIA HAPANA.

Nikauliza kwa upole, kama mtu asiyehusika, kulikoni. Akasema mpangaji wake wa zamani alikuwa Mnaijeria, kijana wa adabu, anaamkia mpaka kuku. Siku moja televisheni ikaanza kukwaruza. Kijana akasema, Mama, niipeleke kwa fundi? Huu ni mwaka wa tatu. Fundi bado anatengeneza.

Kisha akaniuliza mimi natoka wapi. Nikasema natoka Benin.

Si uongo. Nimezaliwa Benin, mji wa Benin, Naijeria, nyuma ya soko. Yeye akasikia Benin ile nchi, ya jirani zetu wanaosema Kifaransa. Mimi nilitaja mji, yeye akasikia nchi. Masikio ni yake. Akanipa ufunguo na kenkey mbili, akaniita mwanangu. Sijaitwa hivyo tangu nivuke mpaka. Saiti wananiita Naija, au Wewe.

Jumanne, 4 Machi

Zege kutwa. Mgongo umekuwa ubao.

Narudi, Mama Adoley ananingoja na habari njema. Chumba cha mwisho kuna Mtogo, jina lake Komlan, mziba pancha, naye mpweke kama mimi. (Sikuwahi kumwambia kuwa mimi ni mpweke.) Mama amefikiri: Togo Kifaransa, Benin Kifaransa, basi watu hawa wakae pamoja wapige soga. Ametuwekea benchi.

Balaa! Kifaransa changu chote nilikiokota kwenye stendi ya mabasi ya Kotonu, na kinahusu choo.

Komlan akakaa ncha ile. Mnene, ndevu, macho ya mtu anayejua jambo. Nikamwamkia, bonzhuu. Akasema bonzhuu. Nikamuuliza hali, sava. Akasema sava. Mama Adoley amesimama anatabasamu, anasubiri soga. Nikakumbuka nimeacha maji jikoni. Komlan naye akakumbuka yake. Tukakimbia, huyu kule, huyu huku.

Mimi sina jiko.

Yule mtu ameshanijua.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kumkwepa. Natoka kabla hajaamka, narudi akiwa anaoga. Ajabu ni kwamba naye ameanza kuamka mapema. Leo tumegongana bombani kunapambazuka, kila mmoja na ndoo yake. Bonzhuu. Bonzhuu. Ananivizia, hakuna jingine.

Mama yangu hajapiga simu tangu wiki iliyopita. Maana yake hawana umeme. Kwetu umeme ukija, mama anachaji simu. Simu ikipata chaji, ananipigia. Mama akipata umeme, mimi napata mama. Leo nimeangalia simu yangu mara kumi na moja. Kisha nikamwomba mwenzangu wa kazini anipigie, nione kama inaita. Inaita.

Jumamosi, 8 Machi

Amepiga! Nilikuwa uani, watu wamejaa. Nikakimbilia chooni, nikajifungia, nikanong'ona. Mama akauliza kwa nini nanong'ona, au nimefungwa. Amesikia redioni kwamba vijana wetu huko nje wanaitia nchi aibu, akaniomba nisiwe mmoja wao. Nikamwambia hapa naheshimiwa kama balozi. Mtu akagonga mlango wa choo. Mama akauliza umeme wa Ghana ukoje. Nikasema hauzimiki kamwe. Ulikuwa umekatika tangu saa nane na nilikuwa nimekanyaga ndoo gizani. Akaanza kuniambia jambo kuhusu paa la nyumba, simu yake ikazima.

Dakika nne. Paa limefanya nini?

Aliyekuwa anagonga ni Komlan. Lazima amesikia kila kitu. Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema bonzhuu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua kumuwahi. Nimemtupia Mama Adoley neno dogo huku namsaidia kufunga kenkey: hivi huyu Komlan, kwa Mtogo, mbona Kifaransa chake kifupi? Mama akasema ajabu kweli, maana jana Komlan kamuuliza hayo hayo kunihusu mimi.

Nyoka!

Jumapili, 16 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa mpangilio.

Ghana na Naijeria wanacheza. Televisheni ya Mama Adoley imetolewa uani, ile mpya, aliyoinunua badala ya iliyokwenda kwa fundi. Ua mzima umekusanyika. Mama kaniweka ubavuni kwake, kanivika kofia ya Ghana. Nimeshangilia Ghana! Ulimi ulikuwa mchungu kama shubiri. Naijeria walipofunga nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi. Nikaona Komlan naye anakohoa. Nikadhani ananidhihaki.

Zimebaki dakika kumi, umeme ukakatika. Watu wakaguna. Wamekaa kama dakika tano wanajipepea na vifuniko. Mimi nilikuwa namuwaza mama yangu na paa lake. Sikuwa tayari kabisa. Feni ikazunguka, televisheni ikawaka, na mimi nikajikuta nimesimama, mikono juu, nikipaza sauti kwa pumzi yote ya kifua:

"Ap Nepa!"

Kwetu umeme ukirudi, mtaa mzima hupiga kelele hiyo. Watoto, vikongwe, walioko msibani. Ap ni juu, Nepa ni shirika la zamani la umeme. Lenyewe lilishakufa, kelele imebaki. Ghana hawaisemi. Togo hawaisemi. Benin ile nyingine hawaisemi. Duniani kote ni sisi tu.

Ua mzima ukanigeukia. Ndipo nikatambua kwamba sauti zilikuwa mbili. Komlan amesimama upande wa pili, mikono juu, mdomo wazi.

Kumbe jina lake ni Tobore. Ni wa Warri, Naijeria kwetu. Kutoka mlangoni kwao hadi mlangoni kwa mama yangu hata saa mbili hazifiki kwa gari. Wiki mbili nimelala ukuta kwa ukuta na mtu wa nyumbani, tukikimbiana na ndoo.

Mama Adoley akapunguza sauti ya mpira. Hakufoka.

"Mwanangu, siku ile ungenitajia Naijeria, ningefunga mlango," alisema. "Sasa nimeshakuzoea. Hilo nalo nilipeleke wapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba Benin ni mji pia. Tobore akanikanyaga mguu.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulala vizuri, nilikuwa nimeshafunga mizigo. Asubuhi Mama Adoley ameweka kenkey nne juu ya benchi, mbili zangu, mbili za Tobore, akaondoka. Mlangoni amefuta maandishi nusu. Limebaki WANAIJERIA, kama kibao cha duka.

Tumebaki!

Jumanne, 18 Machi

Tumeongea na Tobore mpaka taya zikauma. Amemwaga mambo ya mwaka mzima. Aliniogopa kuliko polisi, anasema, kwa sababu nilikuwa na uso wa mtu aliyesoma Kifaransa. Nimefurahi kusikia.

Lakini haitoshi kusamehewa. Jina la nchi limechafuka humu uani, na wa kulisafisha ni sisi. Nina mpango. Nitampa Mama Adoley umeme usiokatika. Kwetu laini moja ikizima, ya jirani inawaka. Mtu anapanda na bisibisi, anahamisha waya kutoka laini iliyokufa kwenda iliyo hai. Nimeona ikifanywa mara nyingi. Nilikuwa nashika ngazi.

Tobore akasema tungekaa tu tukala kenkey. Nikamwambia mawazo kama hayo ndiyo yanatudharaulisha nje.

Alhamisi, 20 Machi

Saa kumi jioni umeme umekatika upande wetu. Ng'ambo ya barabara, kwa muoka mikate, taa zinawaka. Siku yenyewe! Tobore akashika ngazi, mimi nikapanda. Niliyemuona akihamisha waya kule nyumbani alikuwa akitoa mmoja kwanza. Au alikuwa akiongeza? Nikaongeza.

Umeme ukaja. Ukaja mwingi mno. Balbu zikawaka nyeupe kama vile jua limeingia ndani, kisha zikapasuka, moja, nyingine, nyingine. Friji ikanguruma kama ng'ombe, ikanyamaza. Tobore alikuwa ameshaanza Ap Ne, akaishia hapo. Televisheni ikatoa moshi.

Mama Adoley akatoka na unga mikononi. Akasimama mbele ya televisheni. Hakunitazama mimi, aliitazama ile, akaigusa juu kwa kidole kimoja kama mtu anayepima homa.

Pole ilikuwa mdomoni. Naapa ilikuwa mdomoni, nikaiona kabisa. Sijui ilipotelea wapi. Nilichokisema ni hiki:

"Mama, niipeleke kwa fundi?"

Ijumaa, 21 Machi

Stoo ya saruji. Tobore yuko pembe ile, mimi hii. Alifukuzwa pamoja nami kwa kushika ngazi.

Mama Adoley ameyaandika upya yale maneno, herufi kubwa zaidi, na sasa kwa rangi. Tulipokuwa tunatoka akanipa kenkey mbili zilizofungwa vizuri, za njiani. Neno mwanangu hakulisema. Alisema, haya.

Zile kenkey ziko juu ya mfuko wa saruji. Tobore ameuliza mara mbili kama tutazila. Nimemwambia bado.

Mama yangu kapiga. Umeme ulikuwa umerudi, nimesikia mtaa mzima ukipiga kelele nyuma yake. Paa liliezuliwa na upepo, limeshafunikwa turubai. Akauliza huku nakaa na watu gani. Nikasema kwa mama mmoja anayenipenda kama mwanawe. Si uongo. Nilikuwa nazungumzia wiki iliyopita. Dakika tatu.

Jumapili, 23 Machi

Nimepata habari za chumba Tema, karibu na soko la samaki. Wanaijeria hawatakiwi huko pia. Tobore akasema safari hii tuseme kweli tangu mwanzo. Nikamsikitikia. Hakufika kidato cha pili kama mimi.

Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi, nimeliona. Benin iko karibu mno. Sasa sisi ni Wakameruni, mtu na mdogo wake, wa upande ule wa Kiingereza ili tusiwekewe benchi. Umebaki mdomo tu, na mdomo unafundishika. Stoo ina balbu moja na swichi. Tunazima, tunahesabu hadi ishirini, tunawasha, na hakuna kusema kitu.

Mara ya kwanza Tobore alipiga kelele. Mara ya pili nilipiga mimi. Mara ya tatu nilimziba yeye mdomo, naye akaniziba mimi, nikabonyeza swichi kwa kiwiko, mwanga ukatoka dirishani hadi uwanjani.

Tukanyamaza. Tumeweza! Halafu kule getini, Mzee Sidibe, yule Mmali asiyeongea na mtu, akapaza sauti:

"Ap Nepa!"

Tumetazamana. Nimempelekea kenkey moja. Ameila akilia, akaniambia kwao ni Sapele, jirani na Warri.

Kesho nitamfundisha naye Ukameruni. Tukiwa watatu tutaaminika zaidi.