Wafanyabiashara Waliotaka Kuingia Kwenye Hesabu

Suti Moja alikuwa kwenye foleni ya bucha, akingoja nusu kilo ya maini ambayo hakuwa na nia yoyote ya kulipia, pale mwenye bucha alipochana ukurasa wa kitabu kikuukuu cha hesabu ili afungie nyama ya mteja. Akautupia jicho. Akanuna.

"Jamani, sikieni upuuzi huu! 'Muuza nyama mmoja ana kilo ishirini na nne za nyama. Akiuza robo tatu ya nyama hiyo, atabakiwa na kilo ngapi?' Muuza nyama mmoja! Mmoja nani? Hana duka? Hana kwao? Na kwa nini abakiwe? Nyama yangu mimi haibaki!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Suti Moja peke yake hakucheka. Masikio yalimsimama.

Tumweleze kidogo kabla hajatuponyoka. Jina alilipata kwa sababu ya suti ya kijivu aliyoifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa bado na unyevu. Mdomo wake ungemuuzia mwenye kipara chanuo, na kesho yake kipara akarudi kuulizia cha akiba. Kitu kimoja tu kilimsumbua: kila kazi yake iliishia kwa mbio, na magoti yalikuwa yameanza kulalamika. Kwenye gereji ya mtaa wa pili kulikuwa na pikapu ya buluu iliyoandikwa INAUZWA. Fundi alikuwa amemwambia waziwazi: "Kaka, Ijumaa usipoleta hela, namwachia mwingine." Tapeli mwenye pikapu ni mtu wa heshima. Tapeli wa miguu ni mwanariadha tu.

"Mzee wangu," Suti Moja akamwambia mwenye bucha kwa sauti ya msibani, "unajua nani anaamua muuza nyama yupi aingie kitabuni?"

"Serikali?"

"Mimi."

Kisu kikasimama hewani.

"Kitabu kipya cha mafumbo ya hesabu kinaandaliwa," Suti Moja akaendelea. "Safari hii hakuna cha 'muuza nyama mmoja'. Itaandikwa bucha yako, na kona iliyopo. Mtoto akishindwa swali anamwita baba. Baba akishindwa anamwita mama. Mama anamwita shangazi. Mpaka jibu lipatikane, ukoo mzima umelala na kuamka na bucha yako."

"Na nafasi hiyo ni bei gani?"

"Kwa wengine? Ghali. Kwako wewe, ghali kidogo."

Maini akapewa bure, na kipande cha utumbo juu.

Habari haikuhitaji tangazo. Kufika saa sita mchana, mama mshonaji wa mkabala alikuwa amemvuta Suti Moja ndani na kumkalisha juu ya rundo la vitambaa.

"Baba, mimi swali langu kitambaa kisiishe," akasema. "Nimeyaona hayo maswali. Fundi ana mita kumi, anakata, anakata, mwisho anabaki na kipande cha leso. Watu watasema nimefilisika!"

"Mama, kwako kitambaa kitaongezeka kila kinapokatwa."

"Hiyo ni hesabu kweli?"

"Ya kisasa."

Mwenye basi akaja mwenyewe, anahema. Alikuwa amesikia kwamba kwenye vitabu hivyo huwa kuna mabasi mawili yanayoondoka miji miwili na kukutana njiani.

"La kwangu liende kilomita mia tatu kwa saa."

"Bosi, abiria watafika wakiwa hai?"

"Ni hesabu bwana! Kwenye hesabu hakuna trafiki."

Hela zikamiminika. Muuza viatu alilipa ili asiwekwe kwenye maswali ya punguzo la asilimia ("Watakuja nalo dukani, nawajua hawa!"). Muuza matunda alilipa mara mbili, ya pili ili jirani yake apewe machungwa yaliyooza. Suti Moja alikuwa ameshaanza kuota akiendesha kwa mkono mmoja, kiwiko nje ya dirisha, pale mwenye bucha alipomwita buchani, wenzake wote wakiwa nyuma yake.

"Kijana, tunataka kuyaona maswali yetu."

"Yapo, wazee wangu, yanapikwa."

"Na majibu yake. Kitabu cha hesabu kina majibu nyuma. Tukutane Alhamisi hapa buchani. Usipokuja nayo..." Mwenye bucha akaangalia gogo lake la kukatia nyama.

Suti Moja hesabu hakuijua hata kwa kuisalimia. Ndipo akaenda kugonga kwa Mama Kipeuo, mwalimu mstaafu aliyeitwa hivyo kwa sababu kipeuo cha pili ndicho kilichowaliza wanafunzi wake wengi. Nyumba yake haikukosa watu: wajukuu, majirani, wadaiwa wa vitumbua, wote wanaongea kwa pamoja. Mama akawatimua ukumbini, akamsikiliza mgeni wake mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Unataka maswali ya kuwaonyesha Alhamisi, Ijumaa utoweke."

"Mama, sijasema kutoweka."

"Suti yako imesema. Haya. Malipo yangu ni madogo. Kwa kutunga maswali, nachukua nusu ya hela yote."

"Nusu! Mama!"

"Subiri basi, usinikatize. Kwa kukokotoa majibu nachukua theluthi tu, tena ya kile kitakachobaki. Kuyapanga nyuma ya kitabu, robo ya kinachobaki. Kusahihisha lugha, moja ya tano. Michoro, moja ya sita. Unaona? Kadiri kazi inavyoendelea, mimi najipunguzia. Kinachobaki chote, chako."

Suti Moja akafikiri. Nusu ilimuuma, lakini hizo nyingine zilikuwa makombo. Bibi wa watu alikuwa anajitapeli mwenyewe. Karibu amwonee huruma. Karibu.

"Nakubali, Mama. Ila usije kujuta."

Alhamisi bucha ilijaa mpaka kwenye ndoano. Mama Kipeuo akasoma swali moja moja, na kila mtu akapata alichotaka. Nyama ya mwenye bucha iliisha yote kabla ya saa nne na wateja saba wakarudi mikono mitupu. Mshonaji alikata gauni kumi na mbili na kubakiwa na kitambaa kizima, kwa sababu alianza na marobota mawili. Basi lilifika jana yake. Mwenye basi alilia machozi.

Waliporudi nyumbani, Mama akafunga mlango. Mezani kulikuwa na vibunda sitini vya noti.

"Nusu," akasema, akavuta thelathini. Suti Moja akakaza meno.

"Theluthi ya vilivyobaki." Kumi. Meno yakalegea.

"Robo." Vitano. Akatabasamu.

"Moja ya tano." Vitatu. Akaanza kupiga mluzi.

"Moja ya sita." Viwili. Suti Moja akashindwa kujizuia.

"Mama, si nilikuambia utajuta? Ulianza na thelathini, umemalizia na viwili!"

"Ndiyo maisha, mwanangu. Chukua chako."

Akainama kuchukua. Vilikuwa kumi. Akatazama chini ya meza. Akatazama upande wa Mama, ambako vibunda vilikuwa vimepangana kama matofali ya ghorofa.

"Mama! Umeniibia!"

"Toka nje ukawaambie wenye hela."

Suti Moja akaketi. Vibunda kumi havikufika hata bei ya injini.

"Kitabu nakipeleka kwa mchapaji Jumatatu," Mama akasema, akimmiminia chai.

"Kuchapwa kabisa? Kweli kweli?" Alishtuka kama mtu aliyesikia tusi. "Mama, kwa nini tuharibu biashara nzuri?"

"Watu wamelipia kitabu, watapata kitabu. Kesho napita gereji, kuna pikapu ya buluu itanifaa kubebea. Kuuza ndiyo siwezi, mdomo sina. Wewe unao. Uza shule kwa shule, kila kitabu nikupe robo ya bei. Robo nzima, mwanangu, na hapo sikufichi kitu."

Suti Moja akacheka kwa uchungu. Kweli alikuwa amepigwa, lakini hakuwa mtu wa kupigwa mara mbili kwa rungu lile lile. Alikuwa ameona kwa macho yake kilichommaliza. Nusu ilichukua mara moja ikatulia. Ni zile ndogo ndogo, moja ya tano, moja ya sita, zilizorudi na kurudi mpaka zikamkausha. Ndogo ndizo zenye meno.

"Robo baki nayo mwenyewe, Mama," akasema, akinyoosha kola ya suti. "Mimi nipe moja ya ishirini, au tusijuane."

Mama Kipeuo akahema, akatikisa kichwa, akasema huu ni unyang'anyi wa mchana kweupe. Kisha, kwa shingo upande kabisa, akampa mkono.