Mkaguzi wa Masafa wa Somanda

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wenzangu wamepumzika, mimi nimepata cheo. Hakijatangazwa, lakini nakiona kinakuja. Chama chetu cha redio za ridhaa cha Kanda ya Ziwa kimeitisha shindano. Jumamosi saa nne asubuhi watarusha mlio kutoka Mwanza, masafa yake siri. Kila mwanachama aupime kwa redio yake na kutuma jibu. Atakayekaribia zaidi atakuwa Mkaguzi wa Masafa wa Kanda. Mkaguzi! Mshahara hakuna, lakini lini heshima ililipwa mshahara?

Mpinzani ni mmoja tu, Limbu wa Malampaka. Kila jioni huingia hewani na kutuma mlio mrefu kabla ya kusalimia, majigambo tu, tusikie redio yake ilivyo sawasawa. Mimi hutuma wangu asubuhi. Mrefu zaidi. Uadui huu tumeurithi. Katika mashindano ya ngoma za Kisukuma babu yangu alicheza upande wa Bagika, babu yake upande wa Bagalu, na siku walipokutana watazamaji wote walihamia kwa babu yangu. Limbu anasema walihamia kwa babu yake. Mwongo.

Nimemweleza mke wangu. Mama Kabula akauliza kama ukaguzi huo utaleta hata mboga. Kisha akaweka sharti: nikishindwa tena safari hii, bomba la antena linashuka, linakuwa nguzo ya banda lake la kuku. Nimekubali papo hapo. Mshindi haogopi sharti.

Jumanne, 8 Julai

Nimechongesha mhuri. MKAGUZI WA MASAFA, S. MAHONA. Fundi akauliza ni wa idara gani. Nikamlipa, nikaondoka.

Nimempigia Gloria, katibu wa chama, mwalimu wa fizikia. Sikuwa na swali, nilitaka ajue kwamba najua. Akanifundisha kama mtoto wa kidato cha pili! Namba za kwenye redio hudanganya, akasema. Niamke alfajiri, nitafute kile kituo cha ng'ambo kinachotangaza saa kwenye megahezi kumi kamili, niweke mlio wa redio yangu juu ya mlio wake. Milio ikitofautiana nitasikia sauti inapumua, wou, wou, wou. Nirekebishe mpaka pumzi itulie. Tena redio ikae kwenye joto lisilobadilika, maana ikipoa tu masafa yanahama.

Nimemshukuru. Yote hayo nilikuwa nayajua, nilikuwa sijayasikia tu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeamka alfajiri. Kituo cha ng'ambo nimekipata, hafifu, kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Mara bodaboda za mtaani kwetu Somanda zikaanza kuwashwa, redio ikajaa mikwaruzo, kituo kikapotea. Niamke tena kesho na baridi hii? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kanda nzima inaimba kwamba Limbu hakosei hata hezi moja. Basi si ndiye huyo kituo changu! Hana haja ya kutoka ng'ambo, yuko Malampaka hapo. Leo jioni alipoanza majigambo yake nimeweka mlio wangu juu ya wake, kimya kimya, nikarekebisha mpaka pumzi ikatulia. Nitamchapa kwa fimbo yake mwenyewe. Hatajua mpaka anazikwa.

Alhamisi, 10 Julai

Limebaki joto. Nyumba hii ina mahali pamoja tu penye joto lile lile usiku na mchana: mashine ya Mama Kabula ya kutotolesha vifaranga. Mwenyewe yuko Shishiyu kwa dada yake Minza mpaka Jumamosi. Nimesogeza mayai, redio imeingia kana kwamba fundi aliichukulia vipimo. Jioni nimejirekebisha tena kwa Limbu. Pumzi kimya!

Sijui kama kuna mtu mwingine Tanzania aliyewahi kufikiria jambo hili. Nadhani hakuna.

Ijumaa, 11 Julai

Umeme umekatika mchana kutwa. Nimechanganyikiwa. Si kwa mayai, kwa masafa! Nimeunganisha redio kwenye betri ya gari na kufunika mashine kwa blanketi mbili. Redio ikiwaka huchemka yenyewe, joto halikushuka sana. Nimejipongeza kwa sauti.

Jumamosi, 12 Julai

Saa nne kamili mlio ukaja. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa nusu ndani ya mashine, vidole kwenye redio. Nikasikia mlio wa Mwanza, na nyuma yake kitu kingine: pii, pii. Nikadhani Limbu ananivuruga. Kumbe yai limepasuka. Kifaranga cha kwanza kikatoka na kupanda juu ya redio. Nikapima, nikatuma jibu, nikainua uso. Mama Kabula amesimama mlangoni na mzigo wake wa viazi kichwani.

Akaangalia mayai, moja moja, na kuuliza umeme ulikatika muda gani. Nikamweleza habari ya betri.

Mchana matokeo. Ameshinda Winnie wa Musoma. Mimi na Limbu tumefungana mkiani. Tumekosa kwa karibu hezi mia tatu, na majibu yetu yanafanana mpaka tarakimu ya mwisho. Gloria akauliza hewani, watu wote wanasikia, nani alimnakili mwenzake. Nimwige Limbu, mimi?

Mama Kabula alisikia yote. Akasema, "Baba Kabula, redio ibaki humo na vifaranga. Bomba lishuke."

Jumapili, 13 Julai

Limbu amekuja kwa pikipiki kutoka Malampaka, vumbi mpaka kope. Salamu yake ya mwangaluka ilikuwa ya hasira. Alidhani nimemwibia jibu. Mama Kabula akatuwekea ugali, na ukiwa na ugali mdomoni huwezi kugomba vizuri. Limbu alipofika tonge la mwisho akainamisha kichwa.

"Ng'wana Mahona," akasema, "mimi redio yangu hujirekebisha kwako. Kila asubuhi. Tangu mwaka juzi."

Nimefurahi hadi nimeshindwa kunawa mikono. Mjukuu wa Bagalu ananifuata mimi! Maana yake ile sifa yote ya kanda nzima ilikuwa yangu. Na nilipojirekebisha kwake, nilikuwa najirekebisha kwangu mwenyewe, na katika Bariadi hii hakuna mtu ninayemwamini zaidi. Mama Kabula alicheka peke yake jikoni, sijui alikuwa amekumbuka nini.

Jumanne, 15 Julai

Bomba limeshuka. Banda limesimama vizuri, lazima niseme, lina nguzo ya kitaalamu. Vifaranga vinalala vimeizunguka redio yangu.

Nimemwandikia Gloria. Nimemweleza kwa upole kwamba watu wawili, wa wilaya mbili, wa koo zilizoshindana tangu enzi za mababu, wamepima na kupata jibu moja. Mwanza ilikuwa peke yake. Nani aliyekosea hapo? Nimegonga mhuri, mara mbili, uonekane vizuri.

Nimekubaliana na Limbu kwamba kuanzia sasa yeye atajirekebisha kwangu asubuhi, na mimi kwake jioni, kosa lisipate pa kupita. Imebaki antena tu. Kamba ya kuanikia nguo ya Mama Kabula ni ya waya, ndefu, imenyooka vizuri kuelekea Malampaka. Kesho anakwenda sokoni.