Mwamko wa Paji la Mama Gaëlle

Jumatatu, 5 Mei 2025
Baridi ya Malvern, huku kusini mwa Afrika, haina adabu. Nimenyoa watu asubuhi nzima chini ya mwavuli wangu, kando ya Jules Street. Na ndani ya saluni ya Brigitte, Mkongo mwenye hita mbili, kuna kiti kitupu dirishani! Jumamosi atampa mmoja wetu: mimi au Parfait. Parfait! Kinyozi wa juzijuzi kutoka Bukavu, anamchekea kila mtu. Lazima nikipate mimi. Mama kule Tanga nimemwambia tangu mwaka jana kwamba nafanya kazi ndani, penye joto. Jumapili anataka kuiona saluni kwa video. Yarabi!

Jumanne, 6 Mei
Dawa imepatikana. Kwenye meza ya vitabu kuukuu nimenunua kitabu cha Mwamko wa Ulaya. Zaidi ya miaka mia tano iliyopita Waitalia walizinduka, wakafufua elimu za kale, wakachora, wakachonga, wakapasua maiti wajue mshipa gani unakwenda wapi. Mtu mmoja aliweza kila kitu. Nimejitambua papo hapo. Halafu picha! Mabibi wakubwa wa Florensi, mji wao, wana mapaji ya uso yanayofika karibu na utosi. Walikuwa wakiondoa nywele za mbele makusudi, ndio urembo wenyewe. Na hapa wanawake wanalia kutwa kwamba misuko imewang'oa nywele za mbele! Wamebeba Mwamko kichwani na hawajui. Nimemweleza Brigitte. Kasema nikaueleze ukuta.

Jumatano, 7 Mei
Nimechora tangazo: sura ya Brigitte, paji la Kiflorensi. Nimelibandika mlangoni. Brigitte kauliza nani kachora kiazi chenye hereni. Parfait kasema mkono wangu mzuri, ila nywele nimezibania kidogo. Fitina tupu.

Alhamisi, 8 Mei
Siku ya kihistoria! Mama Gaëlle, mke wa mchungaji wa kina Brigitte, ambaye Jumamosi anasimamia harusi, kaja kunyolewa shingo. Brigitte katoka, Parfait kaenda kununua chai. Nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani, nikamsimulia Florensi yote. Akaitikia kwa kichwa. Nikamweleza habari ya paji. Akaitikia tena. Idhini gani nyingine? Nimenyoa vidole vinne kwenda nyuma, safi kabisa.
Kumbe alikuwa anasinzia. Alipofumbua macho mbele ya kioo, eish! Kwa kelele zile magari yalisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na ilikuwa ya kijani.

Ijumaa, 9 Mei
Sijatoka chumbani kwangu, Bellevue. Jirani kanieleza kwamba Parfait kakesha akimshonea Mama Gaëlle wigi, nywele za mbele zinashuka mpaka kwenye nyusi. Anajipendekeza tu.

Jumamosi, 10 Mei
Harusini kina mama wote wameuliza wigi lile limetoka wapi. Mchana foleni ya saluni imefika barabarani, imenipita hapo kwenye mwavuli wangu. Brigitte kampa Parfait kiti. Na bila paji langu, nani angehitaji wigi? Hakuna hata mmoja aliyenishukuru. Nimelia. Si kwa ajili ya kiti. Mama nitamwonyesha nini kesho?

Jumapili, 11 Mei
Asubuhi mapema, kabla ya ibada yao, Parfait kanipigia simu. Kumbe jana alinisikia nikilia habari za mama. Yaya, kasema, ndivyo kwao wanavyomwita kaka mkubwa, njoo ukae hapa saluni umpigie mama. Nimekaa. Hita nyuma, kioo mbele. Mama kapiga vigelegele mpaka majirani wa Tanga wakaja kutazama. Kisha akamwona Parfait nyuma yangu, akafoka: huyo kijana wako mbona amesimama bure, ashike ufagio! Nikataka ardhi inimeze. Parfait akasema shikamoo mama, akachukua ufagio, akafagia saluni nzima. Mama akalia kwa furaha. Na mimi pia.
Nimerudi Bellevue kwa miguu, nawaza. Mtu hawi mwema hivi bure. Nimeng'amua: anakitaka kitabu changu! Nimekisogeza chini ya godoro.
Ila kwanza nimesoma ukurasa unaofuata. Mabibi wale waliondoa na nyusi. Zote! Na Zabibu, mwenye saluni kule Kensington, kanipigia sasa hivi: kesho nikamsaidie, ana bibi harusi.
Wembe nimeshaunoa.